Barua ya wazi kwa Wabunge: nchi nzima inasubiri mdomo mmoja

Kwenu Waheshimiwa Wabunge,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: NCHI NZIMA KUSUBIRI KAULI YA MTU MMOJA

Waheshimiwa, mlionizidi umri shikamoni, na nyie mliozaliwa juzi marahaba, maana najua mlitaka kuniamkia.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu 2022, sasa hivi ni mkulima wa korosho tu huku Newala. Sina cheo kwenye chama chochote, kadi niliyonayo ni ya bima. Na sijaanza na barua hii. Niliandika ya kwanza nikaipeleka kijijini, ikaenda kata, ikapotelea huko. Ya pili nilimkabidhi mheshimiwa mmoja mkononi kabisa kwenye mkutano, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati akasema "Mwalimu, hili niachie mimi". Nadhani lile shati lilifuliwa nayo. Ya tatu nikapanda gari mwenyewe mpaka ofisi moja ya wilaya, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa saba, kijana akanipokea vizuri tu, ananiita mzee wangu, akaisoma yote, akashusha pumzi akasema: "Mzee wangu, hili liko juu." Nikamuuliza juu wapi? Akanyoosha kidole. Nikakifuata kile kidole, pale kinapoelekea palikuwa na ile picha ya ukutani mnayoijua.

Sasa mimi kule juu sifiki. Nyie mnafika, na kikatiba nyie ndo mmepewa kazi ya kuisimamia serikali kwa niaba yetu, ndo maana nawaandikia nyie na naandika hadharani ili safari hii isiingie mfuko wa shati.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, tabia ya ualimu hiyo mnivumilie.

1. AMRI YA MDOMO

Msimu wa 2017/18 korosho ilitutoa jamani tuseme ukweli, minada mingine kilo ilipita shilingi 4,000, watu wakaezua nyasi wakaweka bati, kuna jamaa alinunua friji na kwake umeme haujafika, alikuwa anatunzia nguo. Halafu Juni 2018, hapo hapo mnapokaa nyie, sheria ikabadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayoenda nje ambayo ilikuwa inarudi kwenye zao kwa ajili ya salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) na miche na utafiti ikaingizwa yote mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka wakachoka. Nitarudi huko.

Minada ikafunguliwa Oktoba, wanunuzi wakaja na bei chini ya 3,000, wakulima wakagoma kuuza. Tarehe 10 Novemba mawaziri wawili wakatenguliwa, wa kilimo na wa viwanda na biashara. Tarehe 12 Hayati Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litaibeba, Bodi ya Korosho nayo ikavunjwa siku hizo hizo. Siku tatu hizo, kuanzia mawaziri mpaka malori ya jeshi.

Mimi siku hiyo nilikuwa kijiweni kwa fundi baiskeli, redio imewekwa juu ya tairi, alipotaja ile bei watu waliruka, mimi pia niliruka siwafichi, nikaagiza kahawa ya kila aliyekuwepo, vikombe 11, kwa mkopo. Hakuna mtu pale aliyeuliza hela iko fungu gani la bajeti, nani atazinunua serikali ikishazinunua, maghala yatatosha, anayelipa ni nani na lini. Sisi wakulima mnaweza kutusamehe, ila kuna watu wanalipwa mshahara kuuliza maswali hayo na wao pia walikuwa wanapiga makofi.

Basi. Mimi nilipeleka kilo 1,740. Kilo hizo mara 3,300 ni shilingi 5,742,000, nilizipiga kwenye karatasi mara tatu kwa raha ya kuiona tu. Kumbe kuna utaratibu umetoka, mwenye zaidi ya kilo 1,500 lazima ahakikiwe, eti asije kuwa kangomba, yani wale wanaonunua kwa watu wenye njaa nje ya chama cha ushirika halafu wanakuja kuuza kama za kwao. Kuwabana kangomba ni sawa kabisa. Lakini uhakiki wenyewe sasa! Wakaja vijana watatu na gari, mwezi wa kwanza mabibo yameshaisha hata ya kuwakaribisha hamna, mmoja akabaki kwenye gari, wawili wakaanza kuhesabu mikorosho. Wakafika 60 na kitu wakapotea, wakaanza upya. Mara ya pili wakavuka mpaka wakaanza kuhesabu ya jirani yangu, nikawaambia wanangu hiyo siyo yangu, yule mmoja akanitazama akasema "mzee unataka tuandike pungufu?" Mimi nimefundisha hesabu miaka 36 nikaambiwa na mtu ninayemsahihisha kwamba kunyamaza ndo salama yangu.

Hela iliingia Septemba 2019. Kati ya hapo serikali ilitiliana saini na kampuni moja ya Kenya inunue tani 100,000, dili likafa. Korosho ziko ghalani, sisi tuko nyumbani. Na mnaojua kilimo mnajua kilichotokea, salfa inapulizwa kuanzia mwezi wa tano, mimi mwezi wa tano sina hata ya kununua mfuko mmoja, ubwiri unga ukaingia maua yakakauka yakawa meupe kama yamepakwa majivu, kwa hiyo ile amri ilinila msimu wa 2018 na ikaja kunila wa 2019.

Simsemi vibaya marehemu. Bei aliyotaja ilikuwa bei ya haki kuliko ya wafanyabiashara, na naamini alituonea uchungu kweli. Kinachonisumbua ni kwamba kati ya ule uchungu wake na ghala la Newala hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye uwezo wa kusema "Mheshimiwa, subiri kwanza".

Na korosho hii siyo mara ya kwanza. Mwaka 1974 nina miaka 12 tulihamishwa kwenda kijiji cha ujamaa. Mwalimu Nyerere alishatoa agizo kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini, mgambo wakaja, baba akabeba mlango, ndiyo, alibeba mlango maana alisema mlango ni mbao ya mninga hauachi. Mikorosho haibebeki. Ikabaki kwenye mahame, tulikuwa tunaamka saa kumi usiku kwenda kuokota, tukifika majani yamefika kiunoni na nguruwe wametutangulia. Baba alienda misimu miwili, wa tatu akaacha. Msimu wa 1973/74 nchi ilitoa korosho zaidi ya tani 140,000. Kufikia msimu wa 1986/87 ilikuwa chini ya tani 20,000. Kulikuwa na sababu nyingine pia, magonjwa, bei mbovu, ila mkulima aliyewekwa mbali na mti wake msimlaumu kwa kutoupalilia.

Wataalamu walikuwepo 1974. Walikuwepo 2018. Ibara ya 37 ya Katiba yetu inasema Rais hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Hiyo ibara mzizi wake ni ile katiba ya jamhuri ya 1962, imetembea na sisi mpaka leo.

2. HATA MAZURI YANATOKA MDOMONI

Hapa ndo watu wengi hawanielewi kwa hiyo nitaenda polepole.

Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku. Sheria ya vyama vya siasa ilikuwa inairuhusu, na iliendelea kuiruhusu siku zote hizo, ruhusa hiyo haikufutwa hata nukta. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia akatangaza ameondoa katazo, watu wakashukuru, na mimi nilishukuru. Ila nikabaki najiuliza, kama sheria haikubadilika wakati wa kufunga na haikubadilika wakati wa kufungua, ile miaka zaidi ya sita sheria ilikuwa wapi? Haki ya kukutana ipo kwenye Ibara ya 20, na bado ilifungwa na kufunguliwa kama bomba la maji.

Nyingine. Juni 2017 ilitoka kauli kwamba binti akizaa hakuna kurudi shule. Mjadala wa kuwarudisha ulikuwa unaendelea kabisa wakati huo, wizarani wanajadili, mashirika yanajadili, kauli moja kwenye mkutano Pwani ikaufunga. Novemba 2021 serikali ikasema wanaweza kurudi. Miaka minne na miezi. Nilikuwa na mwanafunzi anapiga hesabu za kichwa kuliko mimi, sitamtaja jina, alimaliza la saba na alama nzuri akaingia sekondari akapata mimba kidato cha pili, 2018 hiyo. Ruhusa ilipotoka nilimtembelea kwao. Alikuwa anakaanga mihogo, mtoto wa pili mgongoni, nikamwambia mwanangu sasa unaweza kurudi, akacheka, akasema "mwalimu, wangeniambia ile 2018 kwamba ni ya muda ningesubiri".

Sasa mkisema tumepata rais msikivu kwa hiyo tatizo limeisha, mnakuwa hamjanijibu. Mdomo mwema na mdomo mkali yote ni midomo, na sisi huku tunaishi kwa kutega sikio.

3. KILA ANAYENISIMAMIA KATOKA MKONO MMOJA

Mikoa ya Bara ni 26, wakuu wa mikoa wanateuliwa na Rais. Wilaya 139, wakuu wa wilaya vilevile. Halmashauri 184, wakurugenzi vilevile. Makatibu tawala, mkuu wa polisi (IGP), majaji, mabalozi, wenyeviti wa bodi, mpaka wabunge wenzenu 10 mnaokaa nao humo. Ndo maana mkeka wa uteuzi ukitoka usiku nchi nzima hailali, watu wanasogeza simu kutafuta jina la shemeji. Na mkeka huo huo asubuhi unaweza kukutoa.

Hebu fikirieni mkuu wa wilaya anayekuja kwenye kijiji changu. Mimi sijamchagua, diwani wangu hawezi kumuuliza kitu, akiharibu sina pa kumpeleka. Anayemwogopa ni mmoja, na huyo mmoja yuko kilomita mia kadhaa, kwa hiyo mkuu wa wilaya wangu hafanyi kazi ya kunihudumia, anafanya kazi ya kuonekana. Akija na kamera anafoka, kamera ikizimwa anaondoka. Kapewa na sheria ya tawala za mikoa ya 1997 uwezo wa kuamuru mtu akamatwe akae ndani mpaka saa 48. Ile sheria inataka awe na sababu, iandikwe, na mtu apelekwe mahakamani. Mimi nimeona kwa macho mzee mwenzangu, mjumbe wa kamati ya maji, ameuliza mbele ya mkutano pampu iliyonunuliwa imeenda wapi, akaambiwa "huyu mchukueni", akalala ndani siku mbili na presha yake, akatoka bila karatasi yoyote. Wilaya sitaitaja. Pampu hatujui iko wapi mpaka leo.

Na mkurugenzi wa halmashauri, mteule huyo huyo wa Rais, ndo kwa miaka alikuwa akisimamia uchaguzi jimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hapana hiyo siyo sawa, miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikasema sawa tu. Mimi siyo mwanasheria, naongea kama mwalimu, kwetu mwenye mtoto kwenye mtihani haruhusiwi kuusimamia.

4. "TUNAMSHUKURU RAIS KWA KUTULETEA FEDHA"

Hili wengi wanaliona dogo. Mimi naliona ndo kubwa kuliko yote, sheria zinafutika ila ulimi ukishazoea ni kazi.

Zahanati yetu ilipojengwa darasa la wagonjwa wa nje (mnisamehe, naita kila chumba darasa) kila aliyesimama pale, mtendaji, diwani, mganga, mwakilishi wa mbunge, kila mmoja alianza na shukrani kwa Rais kwa kutoa fedha. Dakika 40 nimezihesabu. Mama mmoja aliyechota maji ya zege kwa kichwa wiki mbili, ndoo baada ya ndoo, hakutajwa. Chama chetu cha msingi kilichangia, hakikutajwa. Kwenye kila kilo ya korosho tunakatwa makato kibao, kuna ushuru wa halmashauri, kuna makato ya chama, kuna ya ghala, na nikinunua sabuni nalipa VAT. Hela ile ni yetu wenyewe, imeenda Dodoma ikapata nauli ikarudi, na sisi tunapiga magoti kama tumepewa zaka.

Mtoto wa darasa la nne niliyekuwa namfundisha niliwahi kumuuliza barabara inajengwa na nani. Akajibu na Rais. Nikamuuliza shule? Na Rais. Nikamuuliza mvua, kwa utani tu. Akafikiri kidogo. Ile "akafikiri kidogo" ndo iliyonifanya nianze kuandika hizi barua.

5. AKIKOSEA?

Fupi hapa. Ibara ya 41(7): Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Mwenyekiti wa kijiji changu anaweza kupingwa mahakamani, nyie wabunge mnapingwa mahakamani kila baada ya uchaguzi, Rais hapana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo inakaa hapo hapo Arusha kwenye ardhi yetu, Julai 2020 ilisema kipengele hicho kinavunja haki. Miezi minane kabla, Novemba 2019, serikali ilikuwa imeshatangaza kujitoa kwenye tamko linalomruhusu mwananchi wa kawaida kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Yani nyumba tumewapangisha sisi halafu sisi ndo haturuhusiwi kubisha hodi.

6. NYIE WENYEWE

Mnivumilie maana hapa nawagusa.

Utawala wa mtu mmoja haujengwi na mtu mmoja, hana hata muda huo. Mnajenga nyie, asilimia kwa asilimia, kama ile 65 ya Juni 2018. Walioipitisha wengi wao hawajawahi kuona mkorosho. Nilikuwa nasikiliza kwa vipande vipande maana matangazo ya moja kwa moja TBC yalishakatwa tangu Januari 2016, wabunge wa kusini wanaeleza habari ya salfa wenzao wanachat. Aprili 2019 mkaazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) Profesa Assad kwa sababu alisema Bunge ni dhaifu, mkakasirika sana, halafu Novemba mwaka huo akatolewa kabla ya muda wake wengi wenu kimya, ikabidi Zitto Kabwe aende Mahakama Kuu, na Desemba 2022 mahakama ikasema kumtoa vile ilikuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo kati ya nyie na Profesa, nani alikuwa sahihi kuhusu neno "dhaifu"? Naulizia tu.

Nawaelewa kidogo. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kuvunja Bunge mkikataa bajeti, uwaziri unapatikana humo humo ndani kwa hiyo kila anayesimama kuikosoa serikali anajua anajifungia mlango, na jina lako lazima lipite kwenye chama ambacho mwenyekiti wake ni huyo huyo Rais. Naelewa. Lakini mlipoomba kura kwetu hamkusema "tunaomba kura ila tunaogopa".

SASA MAJIBU YENU, NAYAJUA

Mtasema wananchi hawaijui katiba, waelimishwe kwanza kabla ya katiba mpya. 2023 tuliambiwa tutaelimishwa miaka mitatu! Mimi mtu yeyote aliyesubiri hela ya korosho miezi kumi simuoni kama anahitaji miaka mitatu kuelewa kwa nini mtu mmoja asiamue peke yake. Na Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima, ilikuja mpaka huku kusini, watu wakasema wee, ikaandika, rasimu ya pili ya katiba mpya ikakabidhiwa Desemba 2013. Humo kuna matokeo ya urais kupingwa mahakamani, mawaziri wasiwe wabunge, mbunge mwisho vipindi vitatu na wapiga kura wanaweza kumrudisha nyumbani katikati (hapo ndo penye shida eti?). Bunge Maalum 2014 likaichakachua, wengine wakatoka nje, ikapitishwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na tumeahirisha mpaka leo.

Mtasema katiba siyo ugali. Nimeshawaeleza habari ya salfa, someni tena namba 1.

Mtasema tunahitaji kiongozi mwenye maamuzi ya haraka. Siku tatu za kutangaza, miezi kumi ya kulipa. Haraka iko wapi?

Mtasema Mwalimu naye alikuwa na mamlaka hayo hayo. Ni kweli, na baba yangu alibeba mlango. Ila na hili nalo mlitaje, ni wakati wake huyo huyo, 1984, Katiba ikawekewa ukomo wa vipindi viwili, mwaka uliofuata akaondoka, na tangu hapo Mzee Mwinyi aliondoka, Mzee Mkapa aliondoka, Mzee Kikwete aliondoka. Majirani zetu Uganda walifuta ukomo wa vipindi 2005, 2017 wakafuta na ukomo wa umri, na aliyewafutia siyo Rais Museveni kwa mkono wake, ni wabunge, kwa kura. Kwetu kile kistari cha 1984 kimeshikilia nchi kuliko hotuba zote, na kiliwekwa kwa kalamu tu. Kalamu hiyo mnayo nyie, Ibara ya 98, theluthi mbili. Katiba hii imeshabadilishwa mara 14 mpaka 2005, hamtakuwa wa kwanza.

Na kuna atakayesema huyu mzee katumwa. Nimetumwa na kilo 1,740.

NINACHOOMBA

Siombi mbingu.

(a) Mchakato wa katiba uanze tena ukianzia kwenye rasimu ya pili ya Tume ya Warioba, na mtaje tarehe ya kura ya maoni. Tarehe, siyo "muda muafaka".

(b) Bila hata kusubiri katiba mpya: tungeni sheria kwamba agizo lolote la kiongozi linalogusa bei ya zao, mnada, au malipo ya mkulima liandikwe, litangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na liletwe mbele yenu ndani ya siku 14 likiwa na fungu la fedha limeonyeshwa. Likikosa fungu lisianze.

(c) Futeni zile saa 48. Polisi wapo, mahakama zipo, mkuu wa wilaya afanye kazi nyingine.

(d) Wakurugenzi wa halmashauri waombe kazi, wafanyiwe usaili kama tulivyofanyiwa sisi walimu, na wasisimamie uchaguzi.

(e) Ibara ya 41(7) iondoke.

(f) Spika atoe mwongozo, mchangiaji akisema "fedha za Rais" arekebishwe palepale: ni fedha za wananchi. Hili halihitaji bajeti wala theluthi mbili, mnaweza kuanza kikao kijacho asubuhi.

Kama (a) mpaka (e) ni nzito basi anzeni na (f), nitasikiliza redioni.

Mimi nipo. Barua hii nimeitoa nakala tano, moja nimebandika kwenye mti wa mkutano hapa kijijini na mgambo ameshaisoma, akaniambia tu niongeze gundi upande wa chini maana upepo utaing'oa. Mwenye kutaka kunijibu ajibu kabla ya Oktoba, minada ikianza nakuwa shambani naokota, simu naiacha nyumbani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara.

Nakala: Wizara ya Katiba na Sheria.
Nakala: kijana wa ile ofisi, aliyenionyesha juu ni wapi.